Sakado Nyepesi ya Asifiwe na Mkanda wa Muzee Matayo

Vijana wangu, niliulizwa swali moja tu, tena la kazi yangu mwenyewe, na mpaka leo sijui kama nililijibu. Nimebeba mizigo msituni zaidi ya miaka ishirini, nusu yake nikiwa kapita, yaani yule anayegawa mizigo asubuhi na kulaumiwa jioni. Mifuko nimeijaza, nimeishona, nimeikausha juu ya moto, nimeivusha mito ikiwa kichwani pangu. Kisha mtoto wa dada yangu akaja nyumbani, hapa mtaa wa Shari, akaniomba nimchagulie mfuko mwepesi wa mgongoni, sakado, wa safari ya siku kumi na nne kwa miguu. Nikabaki kama mtu aliyeulizwa jina la babu ya babu yake.

Asifiwe ana miaka ishirini na mitatu, ana diploma ya serikali, na ana daftari la majina ya miti ambalo hulisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Amepata nafasi katika kundi linalohesabu miti upande wa Mambasa. Wanaingia msituni na dira, wanafuata mstari ulionyooka, wanapima kila shina nene wanalolikuta. Safari ya kwanza ni ya majaribio. Kila mtu, awe mwanamume au mwanamke, anabeba vitu vyake mwenyewe pamoja na kilo tisa za chakula na vyombo vya kazi. Anayebaki nyuma kila siku, anayepunguziwa mzigo na wenzake, haitwi safari ya pili. Hafukuzwi. Simu yake haiiti, basi.

"Noko," aliniambia, maana mimi ni ndugu ya mama yake, "nafasi njo hii moja. Nichagulie sakado ya mwepesi. Weye njo unajua."

Weye njo unajua, yaani wewe ndiye unayejua. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Mimi goti la kulia lilinistaafisha nikiwa na miaka arobaini na sita. Goti lilistaafu, lakini miguu haikuambiwa. Kila asubuhi nazunguka mji, napanda bulvari, ile barabara kuu, nashuka sokoni, narudi kwa njia nyingine ili nisione kitu kile kile. Majirani wanadhani natafuta mtu. Nadhani natafuta ile harufu ya njia yenye unyevu, ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu wa mbele hajaanza kukata majani. Kwa hiyo msichana aliposema siku kumi na nne, moyo wangu uliondoka kabla akili haijauliza uzito.

Ngoja niwaambie kwanza ninayoyajua. Nikimaliza mtaona hayakunisaidia.

Sakado haipimwi ikiwa tupu. Hilo nilijifunza kwa mgongo. Ya kwanza niliyonunua niliinua dukani kwa kidole kimoja, nikajiona nimemshinda muuzaji. Ilikuwa ndefu kama mtoto wa darasa la tatu. Kwa kuwa nafasi ilikuwepo, niliijaza: sufuria, mashuka mawili, viatu vya Jumapili. Sijui viatu vya Jumapili vilikuwa vinaenda kusali wapi. Siku ya pili nilikuwa natembea nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Muzee Matayo, aliyekuwa anatembea nyuma yangu, alinitazama mwendo wa saa nzima kabla hajasema kitu.

"Kijana, weye unahama?"

"Hapana, muzee. Tutarudia nyumbani."

"Mi naona ulikuja na nyumba."

Huyo Muzee Matayo ndiye aliyenifundisha kazi. Alitoka kijiji kimoja kando ya barabara ya Mambasa, mfupi, mkimya, na alibeba kuliko sisi wote bila kutoa jasho la haraka. Siri yake ilikuwa wazi mbele ya macho ya watu, na ndiyo maana hakuna aliyetaka kuiona. Alibeba kwa mkanda wa paji la uso. Nyinyi mliozaliwa vijijini mnaujua: gome la mti lililopondwa na kusukwa, upana wa vidole vinne, linapita juu ya paji, ncha zake zimefungwa kwenye mzigo ulio mgongoni. Ndivyo mama zetu wanavyobeba kuni na vitunga vya muhogo. Mama zetu, nimesema. Mwanamume kwetu hubeba begani, hubeba kichwani, husukuma baiskeli. Akivaa ule mkanda watu hucheka mpaka wanakaa chini. Muzee Matayo aliujulia shambani, mwaka ambao mke wake alizaa mapacha, akawa yeye wa kuleta muhogo nyumbani kwa kitunga cha mke. Msimu ulipokwisha alirudisha kitunga, mkanda akabaki nao.

"Mabega ni ya kushikilia tu," aliniambia. "Shingo na mugongo njo vinabeba, vikinyooka."

Nilimsikia, nikaendelea kubeba kwa mabega. Nilikuwa kijana.

Kanuni aliyoishika kuliko zote ilitokana na upumbavu wangu. Tulikuwa na mbebaji mmoja mwenye kujisifu sana. Siku moja, alipokuwa anaoga mtoni, nilitia jiwe la ukubwa wa kiazi chini kabisa ya mzigo wake. Alilibeba siku mbili. Jioni ya siku ya pili alilikuta, akaligeuza mkononi, akaketi kuvua viatu. Visigino vilikuwa vimechunika. Nilikuwa nangoja kicheko cha wenzangu na hakikuja. Muzee Matayo alilichukua lile jiwe, akaliweka mkononi mwangu.

"Ukitia kitu mu muzigo ya mwenzako, umwambie. Hata kama ni sukari. Mutu anajua nguvu yake. Ukiongeza bila kumwambia, unamwibia."

Kisha akaniambia nilitie jiwe kwenye mzigo wangu. Nilitoka nalo msituni siku sita baadaye, na hadithi yake nimewasimulia watoto wote wa ukoo wetu, Asifiwe akiwemo.

Rangi je? Chagua inayoonekana kwa mbali, nyekundu, njano, hata waridi ya mtoto wa shule. Kijani ya madoadoa kama ya askari usiichukue hata ukipewa bure. Mimi nilipewa bure. Kwenye kizuizi kimoja cha askari nilieleza tangu asubuhi mpaka jua lilipogeuka kwamba mimi ni mbebaji wa mizigo, na kila nilipoeleza zaidi ndivyo walivyozidi kuniuliza cheo changu. Mwishowe samaki wa chumvi niliyembeba alibaki pale, mimi nikapita.

Vimfuko vya pembeni, kila kimoja ni mdomo unaoomba chakula. Nilimbebea mwalimu mmoja wa mimea sakado yenye vimfuko kumi na saba. Safari nzima alitafuta miwani yake, na kila kimfuko alichofungua kilikuwa na betri. Zipu hufa kwa matope. Kamba ya kukaza mdomo haifi. Ndani tandika gunia la plastiki, kwa sababu sakado isiyoingiza maji ni ile iliyobaki dukani. Vitu vizito viwe karibu na uti wa mgongo, kati ya mabega, visikae chini. Na upime mgongo, usipime urefu wa mtu: inamisha kichwa, shika kile kifundo cha mfupa kinachojitokeza shingoni, shuka na uzi mpaka usawa wa mifupa ya nyonga. Asifiwe ananizidi kimo, lakini mgongo wake ni mfupi kuliko wangu. Urefu wake wote uko miguuni.

Hayo nayajua. Sasa twendeni sokoni.

Kwa muuza mitumba tulikuta mbili za kufaa. Ya kwanza ilikuwa na fremu ya alumini na mkanda wa kiunoni mpana wenye sponji, unaokaa juu ya mfupa wa nyonga kama inavyotakiwa. Niliitundika kwenye mizani yangu ya ndoana, ile ya wauza nyama, ambayo sitoki kwenda sokoni bila hiyo. Ikiwa tupu ilikuwa kilo tatu. Ya pili ilikuwa ya rangi ya chungwa, kitambaa chembamba kama cha mwavuli, haina fremu, na kiunoni ilikuwa na utepe tu, upana wa vidole viwili, wenye kifungo cha plastiki. Ilikuwa kilo moja.

"Papa," alisema muuzaji, "hii ni ya Ulaya. Ukiibeba, ni kama haubebe kitu."

"Kama sibebi kitu, unaniuzisha nini?"

"Ninakuuzisha kupumzika."

Asifiwe alicheka. Nami nilianza kucheka, kisha nikaacha, kwa sababu nimewahi kununua kupumzika kwa namna hiyo, na nitawaeleza.

Muuzaji alikubali tuondoke na zote mbili kwa siku tatu, kadi yangu ya mpiga kura ikabaki kwake. Tulizijaza kwa zamu mzigo ule ule: vitu vya Asifiwe kilo nne, na unga wa muhogo na chupa za maji kilo tisa badala ya vitu vya kazi. Na fremu, jumla kumi na sita. Na ile ya chungwa, kumi na nne. Tukatoka mapema kuelekea vilimani nje ya mji, mimi na fimbo yangu, yeye na mzigo.

Siku ya kwanza, na fremu, alitembea wima kabisa, nyonga ikibeba, mabega yamelegea. Nikasema moyoni, ni hii. Lakini saa mbili zilipokwisha, kwenye mteremko wa kurudi, miguu yake ilikuwa inatetemeka kama ya ndama. Nilimwuliza tupunguze nini, turubai au blanketi. Akasema nichague mimi kama alale kwenye mvua au kwenye baridi.

Siku ya pili, na ya chungwa, alinipita saa ya kwanza na kuningoja kilimani akila karanga. Nikasema moyoni, ni hii. Saa ya pili mabega yalianza kupanda kuelekea masikio. Tuliporudi, dada yangu alimvuta kola, akaona mifereji miwili myekundu.

"Hii ni saa mbili," dada yangu alisema. "Siku kumi na ine ni saa ngapi?"

Nilianza kuzitoa chupa za maji ndani ya sakado.

"Basi, sakado gani, noko?" Asifiwe akauliza.

"Ya fremu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya mabega." Nilifika mlangoni, nikageuka. "Hapana. Chukua ya chungwa."

"Juu ya nini?"

"Juu ya miguu."

Walitazamana yeye na mama yake. Nilikwenda kuzunguka mji.

Kuna jambo nililokuwa nalikwepa siku zote hizo, na huko barabarani lilinifikia. Mwaka niliofanywa kapita lilikuja kundi la wapima ardhi na sakado kumi na mbili mpya, za bluu, nyepesi kuliko zote nilizowahi kushika. Nilizipenda mno. Nilitaka mstari wangu wa wabebaji uonekane mmoja, migongo kumi na miwili ya bluu, kila mtu sawa na mwenzake. Na pale katikati alikuwa Muzee Matayo, anaifunga sakado yake mpya kwenye mkanda wa gome.

"Muzee," nilimwambia mbele ya watu, "ule mukanda ni wa wanawake. Hawa wageni watatuona aje? Hizi sakado ni nyepesi, hazidai mukanda."

Alinitazama. Akaufungua, akaukunja polepole kama mtu anayekunja nguo ya kanisani, akanipa. Akavaa mikanda ya mabega kama wengine. Siku ya tatu, tukiwa tumepumzika kabla ya kushuka mtoni, aliweka sakado yake ya bluu juu ya gogo na hakuiinua tena.

"Kapita," aliniita. Mpaka siku ile alikuwa ananiita kijana. "Sakado yako iko mwepesi kweli. Aibu yako njo nzito. Mi siwezi mbili."

Akarudi njia tuliyokuja nayo, mikono mitupu. Mzigo wake tuliugawana, na sehemu kubwa niliichukua mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa kapita. Kwenye mteremko ule wa mto goti langu la kulia lililia kwa mara ya kwanza. Watu hunitajia baridi, hunitajia umri. Nawaacha waseme.

Mkanda ulibaki kwangu. Miaka iliyofuata nilipita kijijini kwake mara nyingi na makundi mengine, na kila mara nilikuwa na sababu ya kuharakisha.

Kesho yake, baada ya kuzunguka mji hivyo, niliutoa kisandukuni. Ulikuwa bado laini, umeiva kwa jasho la mtu mwingine. Niliupima: gramu mia mbili. Niliufunga kwenye sakado ya chungwa iliyojaa, nikaivaa uani kwangu, saa nne asubuhi, nikanyoosha shingo kama Muzee Matayo alivyokuwa anafanya. Mabega yangu yakapumua. Nilisimama nimeelekea ukuta, nina kilo kumi na nne mgongoni, na sikuona ziko wapi. Miaka ishirini na zaidi ya kazi hii, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuujaribu.

Mama Bahati, jirani yangu, alikuwa anaanika muhogo upande wa pili wa ua.

"Papa," aliniita, "walikuoa lini? Hata hatukunywa pombe ya harusi."

Nilicheka naye, lakini niliuvua.

Asifiwe alipokuja nilimwonyesha. Hakuushika hata.

"Noko, nilisoma miaka sita mu sekondari ili nibebe sawa vile koko, bibi kizee wa kijijini? Kule kuna wanaume kumi, na siye wanawake wawili. Nikivaa hii, siku ya kwanza njo watanipa sufuria. Watasema, huyu ni wa jikoni. Nani atanipa dira?"

Niliugeuza mkanda mkononi. Mwanamume nilimkataza kwa kuwa ni mkanda wa wanawake. Mwanamke anaukataa kwa sababu ile ile. Basi ni wa nani? Nilimwuliza hivyo, naye akasema hilo si swali lake, lake lilikuwa la sakado. Alikuwa amechagua ya chungwa. Alisema mabega yatazoea, na kama hayatazoea hatasema.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nifanye nilichofanya. Jioni, kabla ya kuondoka, alileta sakado iliyokwisha fungwa, tukaipima, kumi na nne kamili, nikampa na mizani aende nayo. Alipoingia ndani kumsalimia mke wangu, nilifungua mdomo wa sakado, nikauingiza mkanda ndani ya blanketi. Nilijiambia ni kama dawa. Mtu akiwa mgonjwa msituni, akiikuta dawa, haulizi nani aliiweka.

Asubuhi, mahali magari ya Mambasa yanapopakia, Asifiwe alitundika sakado yake kwenye mizani kabla ya kuipandisha. Mimi ndiye niliyemfundisha kufanya hivyo. Akasoma, akasoma tena.

"Kumi na ine na gramu mia mbili."

"Labda umande," nilisema.

Alifungua, akatoa kitu kimoja kimoja na kukipanga juu ya turubai, wenzake wakiwa wamesimama wanatazama, mpaka akafika kwenye blanketi.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya kukusaidia."

"Sikuuliza kazi yake, noko. Ni ya nani?"

"Ya Muzee Matayo."

Jina alilijua kwa sababu ya jiwe. Habari ya mkanda hakuijua, nikamwambia pale pale kwa maneno machache, dereva akipiga honi. Alisikiliza akiwa anarudisha vitu vyake ndani.

"Ulimunyanganya?"

"Nilimwomba."

"Kapita akiomba, ni kuomba?" Alikaza kamba ya mdomo. "Hata kama ni sukari. Si njo ulitufundisha hivyo?"

Akaukunja mkanda, akaniwekea mkononi, akapanda. Nilirudi Shari nao, gari likiwa limekwisha kupotea vumbini.

Siku kumi na nne hizo sizijui vizuri. Huko walikokuwa hakuna mtandao. Nilitembea zaidi kuliko kawaida, goti likavimba, nikatembea nalo. Siku moja niliona wazi kwamba nilimkosesha, ilifaa ya fremu, nikaenda mpaka kwa muuzaji kuitazama. Ilikuwa imekwisha uzwa. Nilikasirika, kisha nikafurahi, kisha nikasimama katikati ya soko bila kujua kwa nini nimefurahi. Dada yangu aliniuliza mara moja tu kama nina hakika na ile sakado. Nikamwambia nina hakika. Akasema basi nikae, nimwache apike kwa amani.

Asifiwe alirudi alasiri moja, dada yangu akiwa kwangu, rangi ya chungwa imekuwa ya udongo. Alikuwa amekonda kidogo na anatembea vizuri. Alituamkia, akaketi, akavua kofia ya kuazima, ndipo nikaona paji lake: mstari umepita kutoka upande hadi upande, upana wa vidole vinne, mweupe kuliko sehemu nyingine ya uso, kama mahali pa saa kwenye mkono wa mtu.

"Nani alikupa mkanda?"

"Hakuna mutu."

Aligeuza sakado. Ule utepe wa kiunoni haukuwepo. Siku ya nne, alisema, mabega yalikuwa yanatoka maji, na kapita wao alikuwa amekwisha muuliza kama anataka kupunguziwa. Alimwambia amngoje kidogo. Akakata utepe kwa kisu, maana ulikuwa haufanyi kazi yoyote, akaufunga kwenye vitanzi viwili vya pembeni, akakunja kitambaa chake cha kichwa mara nne na kukishonea juu yake kwa sindano ya kushonea turubai, mahali panapogusa paji.

"Kitambaa kilikuwa tayari kichwani," alisema. "Sikuongeza hata gramu moja, noko."

"Na wanaume?"

"Siku ile walicheka. Kesho yake mumoja aliniuliza, inafungwaka aje. Siku ya saba waliovaa walikuwa watatu."

"Na sufuria?"

"Kila mutu alipika siku yake." Akachukua maji, akanywa. "Dira nilishika siku sita. Wameniandika safari ya pili."

Dada yangu aliinuka akaenda jikoni, nikamsikia anagonga mifuniko bila sababu.

Sasa nisaidieni nyinyi. Je, nilimchagulia vizuri? Kama sakado ilikuwa nzuri, mbona ilimchuna siku nne? Kama ilikuwa mbaya, ule utepe angeutoa wapi? Angechukua ya fremu angekaa wima na mkanda wake mpana, asikate kitu, na labda miguu ingemwangusha siku ya sita. Ningemwacha na mkanda wangu ndani ya blanketi bila yeye kupima, angeukuta siku ya nne, na ningekuwa nimemwibia na kumsaidia kwa tendo moja. Nimeyageuza haya mara nyingi na kila upande naona mgongo wangu. Mkinijia na swali lile lile nitawaambia: jaza kwanza, pima mgongo, kataa madoadoa, tundika kwenye mizani kila asubuhi. Zaidi ya hapo sijui.

Alipomaliza kula alitazama msumari ulio karibu na mlango, nilikotundika mkanda wa gome.

"Ile umurudishie mwenyewe," alisema. "Yuko. Gari lilisimama kijijini kwake tukirudi, nikamuulizia. Amezeeka, lakini yuko. Aliuliza kama kapita bado anatembea."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia goti."

"Akasema nini?"

"Alisema basi uje polepole."

Kwa hiyo Jumatatu nafunga safari. Asifiwe ameniazima sakado ya chungwa mpaka atakapoihitaji. Ndani nimetia blanketi, shati, na kilo tano za sukari kwa ajili ya mzee, na nimemwambia kila mtu hapa nyumbani kilichomo. Nitapanda gari, lakini nitamwomba dereva aniteremshe kabla ya kijiji, pale barabara inapopinda, mahali ambapo watu wa kijiji huona mtu akiwa bado mbali. Mkanda nimeufunga mahali pake. Jana nilijaribu tena uani, saa nne asubuhi, nikazunguka nyumba mara tatu nikiwa nao kwenye paji, na Mama Bahati akaacha muhogo wake akaja mpaka kwenye ua kuniuliza harusi yenyewe ni lini hasa.

Nikamwambia Jumatatu.